Nyayo za Watu wa Mrima katika Miji na Vijiji vya Uingereza

Waingereza wana desturi moja ambayo yafaa tuitazame vizuri. Mtu wa huko apatapo likizo yake, wakati wa joto la kwao, mwezi wa Julai au Agosti, hafikiri kwenda pwani kuoga tu. Wengi hufunga mizigo yao, mume na mke na watoto, wakaenda kuzunguka miji na vijiji walikotoka babu zao. Hufika katika kijiji ambacho hawajapata kukiona, wakauliza kanisa la kale li wapi, wakaingia makaburini, wakapangusa kuvu juu ya mawe, wakasoma majina. Mtu akiliona jina la ukoo wake juu ya jiwe la miaka 200, hufurahi kama aliyeokota lulu. Kisha hula chakula chake chini ya mti, akashika njia ya kijiji cha pili.

Desturi hii haikuzuka bure. Mwaka 1538, katika enzi ya Mfalme Henry VIII, iliagizwa kwamba kila kanisa la mtaa liwe na daftari ya kuandikia ubatizo, arusi na maziko. Mwaka 1837 serikali yenyewe ikaanza kuandika wazaliwao, waoanao na wafao katika Uingereza yote. Tena hesabu ya watu, iliyoanza mwaka 1801, ilipofika mwaka 1841 ikawa yaandika majina ya watu nyumba kwa nyumba. Basi hata mjukuu wa mchunga kondoo, ambaye hakuwa na shamba wala cheo, aweza kuwafuata wazee wake nyuma vizazi vingi, kwa kuwa palikuwa na karani aliyeketi akachovya kalamu yake katika wino.

Sisi tulio huku Mbegani, na jirani zetu wa Bagamoyo, Kaole na Mlingotini, twaweza kujiuliza: Je, nasi tuna safari ya namna hiyo? Mtu wa Mrima akitaka kuwafuata wazee wake, aende wapi, naye asome nini?

Jambo la kwanza litujialo moyoni ni Kaole. Pale pana magofu ya misikiti miwili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na makaburi ya nguzo, na mikoko iliyoifunga bandari ya kale hata merikebu zikashindwa kuikaribia. Wataalamu wasema kwamba mji ule ulikuwapo tangu karne ya 13. Wako watu wa pwani ambao jamaa zao wana tarikh, wawezao kutaja jina la baba, na la babu, na la babu wa babu, bila kukwama. Hao husimama mbele ya magofu yale wakasema, "Hapa ndipo petu," wala hapana awabishiaye.

Lakini si kila mtu wa Mrima aliye na nasaba ya namna hiyo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara. Watu walishuka kutoka Unyamwezi, na Manyema, na nchi za maziwa. Wengine walikuja kwa miguu yao wakichukua pembe kwa ujira, na wengine walikuja kwa minyororo. Wapagazi wengi walioa wakakaa. Watumwa wengine walivushwa mpaka Unguja, wengine wakabaki katika mashamba ya pwani, na wengine walikombolewa wakakaa katika kijiji cha Misioni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868 na Mapadre wa Roho Mtakatifu. Mtoto aliyeuzwa akiwa na miaka sita au saba hakuchukua nasaba yake begani. Hata jina lake lilibadilishwa na aliyemnunua. Alipokuwa mzee, wajukuu walipomwuliza, alijibu, "Sisi ni watu wa hapa hapa." Na katika miji yetu si adabu kumkaza mzee kwa maswali baada ya jibu kama hilo. Basi uzi wa ukoo wakatika papo hapo.

Mithali yasema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Twaisema mithali hii kila siku, nasi hatukumbuki kwamba wako waliofanywa watumwa kwanza, ndipo asili ikatengwa nao kwa nguvu. Hawakuiacha. Na kwa kizazi chao, jina la kwanza lililopata kuandikwa huenda lisionekane juu ya kaburi lo lote la Kaole. Huenda likaonekana mbali sana, katika nchi ile ile ya Uingereza ambayo wenyewe huzunguka wakitafuta mababu zao.

Kwa hiyo twawaalika wasomaji wetu wafanye pamoja nasi safari ya fikira. Haina nauli. Tutaondoka Bagamoyo, tutapita miji mikubwa na vijiji vidogo vya Uingereza, na kila tutakapotua tutauliza swali moja tu: Ni mtu gani wa kwetu aliyepita hapa, na nani aliyeliandika jina lake?

Mwanzo wa safari ni mnara wa kanisa la kale la Misioni ya Bagamoyo, uitwao hata leo Mnara wa Livingstone. Daktari David Livingstone alikufa karibu na tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watu wake walikuwa yapata 60, nao wangaliweza kumzika wakatawanyika, wala hapana ambaye angaliwalaumu. Hawakufanya hivyo. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome la mti na nguo ya tanga, wakashika njia ya pwani. Viongozi wao walikuwa Chuma na Susi. Chuma alikuwa Myao, aliyetolewa katika minyororo ya watumwa karibu na mto Shire mwaka 1861 alipokuwa kijana mdogo. Susi alikuwa mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, aliyeanza kazi kwa Livingstone mwaka 1863. Katika msafara walikuwamo na wanawake. Mmoja ni Halima, aliyekuwa mpishi wa Daktari, na mwingine ni Ntaoeka, mke wa Chuma.

Walikwenda zaidi ya maili 1,000. Walipofika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora, walimkuta Mwingereza jina lake Cameron, ambaye aliwashauri wamzike bwana wao papo hapo. Walikataa. Mbele kidogo wenyeji waliogopa kupitisha maiti katika nchi yao. Ndipo watu wale wakafanya hila. Walitengeneza mzigo wa uongo, wakawapa wenzao waurudishe nyuma mbele ya macho ya watu, kana kwamba wamekubali kwenda kumzika Unyanyembe. Mwili wenyewe wakaufunga upya mfano wa mtumba wa nguo, wakaupitisha. Mwezi wa Februari mwaka 1874 wakaingia Bagamoyo, na mwili ukawekwa katika kanisa la Misioni mpaka merikebu ya Waingereza ilipokuja kuuchukua.

Hapa lazima tutue kidogo. Wapagazi walioleta mzigo ule walilipwa mishahara yao, wakaachwa waende zao. Katika wote, ni mmoja tu aliyepelekwa Ulaya pamoja na mwili, naye ni Jacob Wainwright. Yeye pia alikuwa Myao, mtoto wa utumwa aliyeokolewa na Waingereza, akasomeshwa huko Nasik katika Bara Hindi. Jina hili la Wainwright si jina la wazee wake, alipewa. Lakini alijua kusoma na kuandika, tena alikuwa na jamii ya kimisioni iliyomjua na kumsaidia kwa nauli. Chuma na Susi, waliokuwa na Daktari miaka mingi kuliko yeye, walibaki.

Sasa tumefika Uingereza. Merikebu ilitia nanga Southampton tarehe 15 Aprili 1874. Kutoka hapo gari la moshi lilichukua mwili mpaka London, na tarehe 18 Aprili ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali pazikwapo wafalme. Watu 8 walichaguliwa kusindikiza jeneza kwa heshima. 7 walikuwa Wazungu, na wa 8 alikuwa Jacob Wainwright. Msafiri wa kwetu akiingia katika kanisa lile leo, ataliona bamba la jiwe sakafuni, limeandikwa habari za Livingstone. Maneno ya kwanza ya jiwe lile yasema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu, kwa nchi kavu na kwa bahari. Ni maneno mema. Lakini msafiri akitafuta mikono ile ilikuwa ya nani, hataona jina hata moja. Mikono imesifiwa, wenye mikono hawakutajwa.

Basi tusikae Westminster kupita kiasi, maana mjini humo humo liko jambo lingine. Chama cha Kifalme cha Jiografia kimehifadhi kipande cha mti. Ndio mti ule wa Chitambo ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Ulikatwa mwaka 1899 kwa kuwa ulikuwa waoza, na sehemu yenye maandishi ikapelekwa London. Aliyechora maandishi yale ni Jacob Wainwright, kwa mkono wake, siku chache baada ya kifo. Alichora jina la Livingstone na tarehe, 4 Mei 1873. Hakuishia hapo. Chini yake alichora majina mengine matatu, jinsi alivyojua kuyaandika kwa herufi: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Wawili katika hao wajulikana katika vitabu vingine kwa majina ya Manwa Sera na Chowpereh, watu mashuhuri wa misafara.

Na tuyalinganishe mambo haya mawili. Mawe ya London yalichongwa na mafundi hodari, katika nchi yenye daftari za miaka zaidi ya 300, na majina hayakuingia. Mti wa porini ulichorwa kwa haraka na kijana aliyetoka utumwani, huku ameondokewa na bwana wake, naye hajui kama watafika pwani salama. Lakini akakumbuka kuandika majina ya wenziwe. Kwa nini? Twafikiri ni kwa sababu yeye mwenyewe alijua maana ya mtu kupotea jina. Mwingereza wa siku zile hakuwa na hofu hiyo. Jina lake lilikuwa salama katika daftari ya kanisa la kwao.

Hata hivyo hatutaki kuwanyima Waingereza haki yao. Chama kile cha Jiografia kiliagiza medali 60 zitengenezwe kwa ajili ya watu walioleta mwili, zimeandikwa kwamba walikuwa waaminifu hata mwisho. Bahati mbaya, zilipofika Unguja watu wengine walikuwa wamekwisha tawanyika, wamechukuliwa na misafara mipya. Mpagazi hakai mahali pamoja kungojea sifa. Ni lazima atafute posho.

Tuondoke London sasa, twende kaskazini mpaka kijiji cha Twywell katika Northamptonshire. Ni kijiji kidogo, chenye kanisa la kale na nyumba za mawe. Msafiri wa Kiingereza aweza kukipita bila kugeuza kichwa. Sisi hatuwezi. Bwana mmoja Mskoti, James Young, rafiki wa Livingstone, alitoa fedha zake ili Chuma na Susi waje Uingereza. Walifika baada ya maziko kwisha. Jeneza walilolileta tangu Chitambo hawakuliona likishuka kaburini. Lakini ilikuwako kazi nyingine iliyowangoja. Kasisi wa Twywell, Horace Waller, alikuwa na daftari za Livingstone mikononi mwake, naye alitaka kuzitengeneza ziwe kitabu. Daftari zile zilikuwa zimeandikwa kwa shida na ugonjwa, tena zilinyamaza siku chache kabla ya kifo. Majina ya mito, ya vijiji na ya watu yalihitaji kuelezwa, na habari za siku za mwisho na za safari ya kurudi pwani hazikuwamo kabisa. Ni nani angaliyejua? Basi Chuma na Susi waliketi na Waller wakamweleza, jambo kwa jambo na siku kwa siku, naye akaandika.

Tufikiri vizuri picha hiyo. Katika kijiji cha Kiingereza, mtu wa Uyao na mtu wa Zambezi wameketi wakifundisha, na kasisi Mwingereza ni mwanafunzi wao. Kitabu kilipigwa chapa London mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1874, na katika ukurasa wake wa jina yametajwa wazi majina ya Chuma na Susi, kwamba habari za mwisho zimepatikana kwao. Waliitwa watumishi, ni kweli, kwa desturi ya wakati ule, lakini walitajwa. Kijiji kidogo kiliandika majina ambayo kanisa kubwa la wafalme halikuyaandika.

Mbali kidogo, katika Nottinghamshire, liko jumba la Newstead Abbey. Hapo Livingstone alikaa kwa rafiki yake Webb miaka ya 1864 na 1865, akaandika kitabu chake cha habari za Zambezi. Chuma na Susi walifika huko pia mwaka 1874, wakapigwa picha pamoja na Waller na jamaa za Livingstone. Picha hiyo ipo hata leo. Wamevaa nguo za Kizungu, nyuso zao zimetulia. Mtu wa Mrima akiitazama, hatakosa kuona uso unaofanana na wa mjomba wake au wa jirani yake. Wenyeji walitaka kujua mambo yalivyokuwa, na wageni hao walijenga mfano wa kibanda ambamo Daktari alifia, ili waone kwa macho.

Lakini msomaji asidhani kwamba watu wa pwani hii walikwenda Uingereza kwa sababu ya Livingstone tu. Mwaka uliofuata, 1875, alikwenda Sultani mwenyewe, Seyyid Barghash bin Said, ambaye Bagamoyo na Mrima wote ulikuwa chini yake. Ilikuwa miaka miwili tangu kutiwa sahihi mapatano ya mwaka 1873 yaliyokataza biashara ya watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Alipokewa London kwa heshima za kifalme, akaonyeshwa pia miji ya viwanda, Birmingham, Manchester na Liverpool. Aliona mashine zikisokota pamba na kufuma nguo. Safari yake iliandikwa kwa Kiarabu, kwa habari za katibu wake, Zahir bin Said. Kwa hiyo mjukuu wa Sultani hana taabu ya kumtafuta babu yake: mfalme huenda na mwandishi wake. Tunayosumbuka kuyatafuta ni majina ya wale waliokwenda bila mwandishi.

Tugeuke kusini mashariki, mpaka mji wa Canterbury. Palikuwa na chuo huko kilichoitwa St Augustine's College, cha kufundishia watu wa kazi ya misioni. Chuo chenyewe hakipo tena, na majengo yake yatumiwa na shule nyingine. Katika miaka ya 1880 alisoma hapo Cecil Majaliwa. Naye pia alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni, akakombolewa na kulelewa katika Misioni ya Unguja. Aliporudi alifanya kazi katika nchi ya Wayao, na mwaka 1890 akapewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile ya UMCA kufika daraja hiyo. Jina lake, Majaliwa, lastahili kufikiriwa. Ni jina la mtu ambaye wazazi wake hawajulikani tena na watu waliomlea, lakini laeleza kwamba amejaliwa.

Mwisho wa kuzunguka kwetu ni kijiji cha Bloxham katika Oxfordshire, karibu na mji wa Banbury. Nyumba zake ni za mawe yenye rangi ya kutu, na kanisa lake lina mnara mrefu uliochongoka kama mkuki. Katika shule ya hapo alisoma Hugh Kayamba, mtu wa Bondei, katika miaka ya 1880. Alirudi akawa mwalimu. Mwaka 1891 alizaliwa mwanawe, Martin, huko Mbweni ya Unguja. Martin Kayamba alikuwa karani mkuu mwenye sifa katika ofisi ya serikali ya Tanga, na mwaka 1922 alianzisha huko chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Mwaka 1931, Bunge la Uingereza lilipofanya shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, mashahidi watatu Waafrika walitoka Tanganyika kwenda London: Mtemi Makwaia wa Shinyanga, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba. Kamati ile haikukubali nchi ziunganishwe wakati ule. Mwaka 1932 Kayamba alitoa kitabu cha Kiswahili, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, ili watu wa kwao wasome mambo aliyoyaona.

Hapa basi twakuta jambo ambalo Mwingereza yule mwenye likizo angalilielewa mara moja. Baba alifika Uingereza akiwa mwanafunzi. Yapata nusu karne baadaye mwana akafika akiwa shahidi mbele ya wakuu wa Bunge. Baba alikwenda kufundishwa, mwana aliulizwa rai yake. Safari mbili za ukoo mmoja, nasi twazijua zote mbili kwa sababu mwana alishika kalamu. Asingaliandika, nani leo angalijua kwamba kijiji cha Bloxham ni sehemu ya habari za Bondei?

Tumekwisha zunguka. Na watu wetu wale, mwisho wao ulikuwaje? Chuma na Susi walirudi Unguja mwaka ule ule wa 1874. Chuma aliongoza safari za Askofu Steere, na mwaka 1879 aliongoza msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson uliotoka Dar es Salaam kwenda maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Alikufa Unguja mwaka 1882, angali mtu wa makamo. Susi alifanya kazi na Stanley huko Kongo, kisha akarudi. Alibatizwa mwaka 1886 akachagua jina la David, akafa Unguja mwaka 1891. Jacob Wainwright alikufa Urambo mwaka 1892, mbali na London iliyomshangilia. Daftari yake, aliyoiandika kwa mkono katika safari ya kuleta mwili, imehifadhiwa huko Blantyre, Uskoti, katika nyumba ya makumbusho mahali alipozaliwa Livingstone. Kwa muda mrefu ilijulikana kwa tafsiri ya Kijerumani. Mwaka 2019 maandishi yenyewe yalitolewa hadharani, watu wote wapate kuyasoma.

Huenda msomaji akatuambia, "Hao mliowataja si babu zangu. Mmoja ni Myao, mmoja wa Zambezi, mmoja wa Bondei. Mimi ni mtu wa Mrima. Ya nini kuwaita wazee wetu?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu hivi. Mrima huu umefanywa na watu waliokuja. Katika msafara mtu aliyechukua upande mmoja wa mzigo alikuwa ndugu wa aliyechukua upande wa pili. Katika kijiji cha waliokombolewa, watoto wasiokuwa na shangazi walipata shangazi, na waliofika merikebu moja waliitana ndugu hata kufa. Udugu huo haukuandikwa katika nasaba yo yote, lakini ulizika maiti, ukalea yatima, ukaoza mabinti. Nyumba nyingi za pwani zimesimama juu yake. Mtu anayesema kwamba Chuma si wa kwake, na ahakikishe kwanza kwamba amjua baba wa babu yake alikuwa nani.

Tena twataka kusema neno gumu kidogo. Atafutaye wazee wake kwa kweli hana ruhusa ya kuchagua atakaowapata. Bagamoyo palikuwa na aliyeuzwa na palikuwa na aliyeuza. Alikuwapo mwenye mnyororo shingoni na mwenye ufunguo mkononi. Yamkini damu zao zote mbili zimekutana katika mjukuu mmoja, naye ameketi darasani leo akisoma habari hizi. Mtoto huyo hana deni wala hatia kwa jambo hilo. Lakini anastahili kuambiwa kweli, wala aibu haimpasi yule aliyefungwa. Tukiendelea kusema "sisi ni watu wa hapa hapa" na kunyamaza, twamwacha aliyeuza apumzike na jina lake jema, na aliyeuzwa twamzika mara ya pili.

Na wakati hautungoji. Mwaka 2013 mapatano yalitiwa sahihi ya kujenga bandari kubwa hapa Mbegani; mwaka 2019 mashauri yakasimama, kisha yakaanza kufufuliwa. Bandari ikija au isipokuja, ardhi ya pwani yabadilika kila mwaka: viwanja vyapimwa, minazi yakatwa, nyumba mpya zajengwa. Kaburi lenye mwenyewe huheshimiwa au huhamishwa kwa adabu. Kaburi ambalo hapana alijuaye huwa ni tuta la mchanga tu.

Kwa hiyo twawapa walimu wenzetu shauri hili. Wanafunzi wanapokwenda likizo, kila mmoja achukue daftari moja, wala si lazima iwe kubwa. Aende kwa mzee wa kwao mkubwa kuliko wote, amsalimu, amtekee maji, amsikilize kwanza bila kuandika. Siku ya pili amwulize majina: babu na bibi, upande wa baba na upande wa mama. Walizaliwa wapi? Walisema lugha gani nyumbani? Walikuwa na jina jingine kabla ya jina hili? Ni nani aliyewalea? Walikuja kwa njia gani, ya msafara au ya chombo? Wamezikwa wapi, na mti gani u karibu? Mzee akinyamaza kwa swali moja, asimkaze. Aandike tarehe, aache nafasi tupu. Nafasi tupu iliyoachwa kwa makusudi nayo ni habari.

Wachache wetu watapata nauli ya kwenda Twywell na Bloxham, na atakayepata na aende, akasome kwa niaba yetu sote. Lakini kazi ya Jacob Wainwright haikuhitaji nauli. Alikuwa na kisu, na mti mbele yake, na wenziwe nyuma yake wakingoja kuondoka. Akachora majina yao kwanza, ndipo wakachukua mzigo wakaenda.